Zima, Tusukume: Nilivyopita katika Pepopunda

Kama umeambiwa leo kwamba mtu wako ana pepopunda, na sasa umekaa kwenye benchi la hospitali hujui ushike lipi, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Sitakueleza ugonjwa wenyewe unavyofanya kazi mwilini, maana sijui, na wanaojua wapo. Nitakueleza tu mambo yalivyo kwa yule aliyelala ndani ya chumba chenye giza, ambaye huruhusiwi kumwona. Anasikia. Kila mlango, kila kikohozi, kila sufuria inayoanguka jikoni anaisikia, na akili yake ni nzima kabisa. Mimi nilisikia kila kitu, na mpaka leo nikikumbuka viganja vinanitoka jasho.

Miaka ile nilikuwa Bibi Maendeleo. Kwetu ni Upare, lakini mume wangu alikuwa karani bandarini Mtwara, nami nikaomba kazi huko ili tusiishi kila mtu na lake. Tulikaa Likombe, na mtoto wetu mmoja, Neema, alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia. Watu walikuwa wamehamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, na sisi maofisa wadogo tulitakiwa tuwafuate huko huko tukawafundishe kilimo, kuchimba vyoo, kusoma na kulea watoto. Magari yalikuwa ya wakubwa. Sisi tukapewa pikipiki.

Tulikuwa wanne katika msafara. Mbele alitangulia Nandonde, Bwana Shamba, Mmakonde wa Nanyamba, mtu mrefu anayeongea kidogo. Nyuma kabisa alifunga Mzee Chitanda, Bwana Afya, aliyekuwa amebakiza miaka michache astaafu. Katikati tulikuwa mimi na mwalimu mmoja wa elimu ya watu wazima. Hatukwenda pamoja kwa ajili ya fahari. Barabara ya kwenda Msimbati ni mchanga mtupu, na ukianguka peke yako unaweza kukaa hapo mpaka jua lizame bila kupita mtu. Kwa hiyo tulikuwa na masharti yetu. Acha nafasi, vumbi la mwenzako litulie. Usikanyage breki mchangani. Na kila mtu amwangalie aliye nyuma yake; asipomwona, asimame. Naye wa mbele yako, akikukosa wewe, atasimama, na hivyo msafara mzima unasimama kwa ajili ya yule mmoja.

Mjini walitusema sana. Wengine walituita wahuni wa serikali. Mimi nilisemwa mara mbili, maana nilivaa suruali ndani ya kanga na kofia ngumu kichwani. Mama mmoja wa sokoni aliwahi kuniuliza kwa huruma kabisa kama mume wangu amefariki. Nilicheka mpaka nikasahau nyanya zangu pale mezani pake.

Vijijini hawakutusema, walitukimbia. Mara ya kwanza tulipoingia kijiji kimoja kabla ya Msimbati, tulikuta moto unawaka, ugali umesongwa nusu na mwiko umo chunguni, na hakuna mtu. Hata kuku walikuwa wamejificha. Tulikaa pale kivulini mpaka bibi mmoja asiyeweza kukimbia akatuambia kutoka ndani ya nyumba yake. Pikipiki nyingi kwa pamoja, alisema, maana yake ni kuhamishwa tena. Na kabla ya hapo, wakati wa vita vya ng'ambo ya Ruvuma, mlio wa injini ulikuwa unatoka angani, na watu walijifunza kuingia mikokoni kwanza na kuuliza baadaye.

Tangu siku hiyo Nandonde akaongeza sharti. Tukikaribia nyumba za kwanza alinyanyua mkono na kusema, "Zima, tusukume." Tunazima injini, tunashuka, tunasukuma pikipiki mchangani mpaka katikati ya kijiji huku tukitoa shikamoo kwa kila tunayemwona. Kazi ile ilikuwa inaua mgongo. Mimi nililalamika kila safari.

"Bwana Shamba, hawa si watashindwa kutuzoea kama hawatusikii?"

"Wataanza kutuzoea sisi," alisema. "Mashine baadaye."

Na kweli, baada ya muda watoto walianza kuja kutusaidia kusukuma.

Nilikuwa nasukuma hivyo, miguu mitupu kwa sababu mchanga ulikuwa umejaa viatuni, nilipokanyaga ubao wenye msumari wenye kutu. Watu waliohamishwa walikuwa wamebomoa nyumba zao za zamani na kuja na mbao zao, na mbao nyingine zilibaki zimetupwa njiani. Msumari uliingia chini ya kisigino. Nilikaa chini, Nandonde akauchomoa, damu ikatoka kidogo tu.

Sasa sikiliza tulivyofanya, maana ndiko balaa ilikoanzia. Sisi watu wa pikipiki tulikuwa na dawa yetu. Kila mmoja alibeba vifaa vya kuziba pancha, na jeraha tulilitibu kama tyubu: unalisafisha kwa petroli, unapaka gundi ya viraka pembeni, unabandika kipande cha mpira, unakandamiza mpaka kishike. Mchanga hauingii, maji hayaingii, unaendelea na safari. Wote walikuwa na makovu ya viraka. Mzee Chitanda, Bwana Afya mzima, alikuwa nacho kimoja kwenye ugoko siku ile ile. Nandonde alinibandika changu kwa ustadi, tukacheka, tukaenda kwenye mkutano.

Nyumbani mume wangu alikiona nilipokuwa naosha miguu. "Sasa umekuwa tairi," akasema. "Nikupulizie upepo?" Tulicheka wote wawili. Kisigino kilikauka vizuri, hakikuvimba wala kutoa usaha, nami nikakisahau.

Kilichofuata kilianzia mdomoni, na ndiyo maana hakuna aliyekifikiria kisigino. Ilikuwa msimu wa korosho. Nilikuwa nazitafuna za kuchoma ofisini, nikaona taya halifunguki sawasawa. Nikadhani ni jino. Kesho yake nilishindwa kupiga miayo. Shingo ikawa ngumu, nikalaumu mto. Usoni nilihisi ngozi imekuwa ndogo kuliko fuvu. Nilikunywa dawa ya maumivu nikapanda pikipiki, maana tulikuwa tunatoka Nanyamba kurudi mjini na wenzangu walikuwa wananisubiri.

Lori la korosho lilikuja nyuma yetu likapiga honi.

Sijui nikueleze vipi. Mwili wangu wote ulifunga kwa mara moja, kama ngumi. Mgongo ukajipinda nyuma, mikono ikashika usukani na haikuachia, na mkono wa kulia ukakaza mafuta. Niliona kila kitu: niliona pikipiki inaacha barabara, niliona mikorosho inakuja, nikataka kufungua mkono na mkono haukuwa wangu. Nilipiga kelele, lakini meno yalikuwa yamebana na sauti ikaishia puani. Tawi liliniangusha. Kama si kofia ngumu, leo ningekuwa jina tu kwenye msalaba.

Mzee Chitanda, aliyekuwa nyuma yangu, ndiye aliyenifikia kwanza. Alipiga magoti akanitazama usoni muda mrefu.

"Mama Neema, fungua kinywa."

Nilijaribu.

"Fungua, mwanangu."

Nilimtikisia kichwa. Aliangalia miguu yangu, akanivua kiatu cha upande wenye kiraka, kisha akakaa mchangani na kujishika kichwa. Nimewahi kuogopa mambo mengi maishani, lakini ukimya wa yule mzee uliniogopesha kuliko tawi lililoniangusha. Ndipo nilipojua kwamba huenda nisimwone mwanangu akikua.

Hospitali walinilaza chumba cha pembeni. Madirisha yalifunikwa kwa blanketi, na mlango ukafungwa vitambaa kwenye komeo usigonge. Nesi aliyenishika aliitwa Somoe, mwenyeji wa Mikindani, na jambo la kwanza alilofanya ni kuvua viatu. Aliingia na kutoka peku kwa muda wote niliokaa pale. Aliniinamia sikioni akaninong'oneza: "Mama, mwanga na kelele ndio adui zako. Mimi nitakuwa nakugusa mkono kwanza, ndiyo nisogee. Usishtuke." Walikichana kisigino, wakakifumua chote. Wakanichoma sindano, na sindano juu ya sindano, wakanipitishia mpira puani wa kunilishia uji mwepesi.

Mishtuko ilikuja kwa sababu ya chochote. Kijiko kikianguka chumba cha tatu. Mtu akicheka nje. Kila mara mwili ulijikunja nyuma mpaka nikasimama kwa kisogo na visigino, na pumzi ikakatika. Niliuma ulimi mara kadhaa, jino moja likavunjika nikalimeza. Katikati ya mshtuko na mshtuko nililala nikiusubiri unaofuata, na kule kusubiri ndiko kulikonila. Hakuna mtu anayeweza kuwa mkimya kama unavyomtaka awe.

Mume wangu aliruhusiwa kuingia siku moja mwanzoni. Alikuwa amekaa benchi la nje tangu nilazwe, miongoni mwa watu waliomshauri anitoe, wakisema hilo ni jini na hospitali hawaliwezi. Aliingia kwa ncha za vidole, macho yakazoea giza, akaniona. Akasimama.

"Mama Neema," alinong'ona, "unacheka?"

Sikuwa nacheka. Ugonjwa ule huvuta uso, midomo ikarudi nyuma na meno yakawa nje, nyusi zikapanda. Nilikuwa nimekufa kwa hofu, na uso wangu ulikuwa unamchekea mume wangu. Nilitaka kumwambia si mimi. Machozi yakanitoka, naye akayaona yakipita juu ya kile kicheko. Alitoka akagonga ukuta wa ukumbini kwa bega, nami nikasikia. Kwa hiyo ukiingia ukamkuta wako anacheka, tafadhali usiuamini uso. Mshike mkono, ila umguse polepole kwanza.

Neema hakuruhusiwa kabisa. Alikuwa kwa jirani yetu Likombe, na Somoe aliniletea habari zake: amekula, amelala, anauliza. Nilimwonea uchungu mwanangu, lakini lazima niseme kweli: nilimwogopa pia. Mtoto wa umri ule hulia, na kilio chake kimoja kingeweza kuniua. Mama kumwogopa mwanawe kwa sababu ya sauti yake, hilo lilinitesa kuliko sindano zote.

Halafu kulikuwa na barabara. Chumba changu kilikuwa upande wa barabara, na malori yote ya korosho yalipita pale kwenda bandarini. Nilianza kuyasikia yakiwa mbali, nikayahesabia miguno, nikijua yanakuja na mimi siendi popote. Siku moja zikaja pikipiki. Nilizitambua kabla hazijafika, maana kila moja nilijua sauti yake. Walikuwa wenzangu, wamekuja kunipa pole kwa pamoja kama tulivyozoea kwenda kila mahali. Walipofika langoni walivuta mafuta kidogo kabla ya kuzima, kama kila mpanda pikipiki afanyavyo bila kufikiri.

Huo ndio mshtuko uliokaribia kunimaliza. Pumzi ilikataa kurudi. Nilimwona Somoe juu yangu, nikaona anaita watu, kisha ukingo wa kila kitu ukawa mweusi. Niliporudi nilisikia sauti ya mume wangu kutoka nje. Mume wangu si mtu wa kupaza sauti.

"Mmemwangusha na pikipiki zenu, mmemtia viraka kama tairi, sasa mmekuja kummaliza? Ondokeni. Sitaki kuwaona hapa."

Kisha nikasikia matairi yakisagasaga changarawe, yakienda taratibu. Somoe alinichoma sindano nyingine nikazama.

Dawa zile zinakuvuruga siku. Asubuhi na jioni vilikuwa kitu kimoja. Siku pekee niliyoitambua ni Jumapili, kwa sababu wakati ule magari yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, ili nchi ipunguze matumizi ya petroli. Kanisani waliimba kwa mbali, kisha saa nane ikafika, na barabara ikanyamaza. Saa zile chache ndizo nilizopumzika. Nilikuwa namshukuru Mungu kwa shida ya mafuta, jambo ambalo nadhani si wengi waliwahi kulifanya.

Basi ikaja Jumapili moja ambayo haikuisha.

Barabara ilinyamaza na ikaendelea kunyamaza. Nilizinduka, kimya. Nikachomwa sindano, nikalala, nikazinduka, kimya. Mara ya kwanza nilifurahi. Baadaye moyo ukaanza kwenda mbio. Nikajiambia kwamba hivi ndivyo mtu anavyokufa, masikio yanatangulia. Nikatega sikio: nikasikia miguu mitupu ya Somoe sakafuni, nikasikia shomoro darini. Kumbe masikio yalikuwa mazima. Barabara ndiyo iliyokuwa haipo.

Ndipo hofu ya pili ikanishika, mbaya kuliko ya kwanza. Nilikumbuka kile kijiji, ugali nusu chunguni, mwiko umesimama. Nikaona mji mzima umekimbia. Vita vimerudi, au kimetokea kitu, watu wamejifunga mizigo yao wakaondoka, Baba Neema amembeba Neema mgongoni, na mimi nimesahaulika kwenye chumba chenye blanketi dirishani pamoja na nesi mmoja asiye na moyo wa kuniambia. Nilikuwa kama yule bibi asiyeweza kukimbia. Usinicheke. Dawa zilikuwepo, na homa, lakini nililiamini hilo kwa moyo wote, na kinywa hakikufunguka niulize.

Nilikaa na hofu ile muda ambao siwezi kuupima. Lakini mwili haukuijua. Mwili ulikuwa umepata kimya chake, ukaanza kupumzika bila ruhusa yangu. Mishtuko ikapungua, ikawa ya kuja na kupita, kisha ikawa mitetemo tu. Taya lililegea kidogo, ukaweza kupita ulimi. Somoe akatoa mpira wa puani akanipa maji kwa kijiko, na lile tone la kwanza lililopita kooni kwa nguvu zangu mwenyewe sitalisahau. Neno langu la kwanza lilikuwa swali.

"Watu wako wapi?"

"Watu gani, mama?"

"Wa mji. Wamekwenda wapi?"

Somoe alinitazama, akaelewa. Alikuwa mtu wa kutabasamu kwa macho. Akanigusa mkono kwanza, kama kawaida yake, akasogea dirishani akanyanyua pembe ya blanketi, kidogo tu. Mwanga ulinichoma nikafumba macho, na mwili ukatetemeka lakini haukufunga. Nilipofumbua niliona barabara.

Nandonde alikuwa anapita mbele ya hospitali, ameinama, anasukuma pikipiki yake. Injini imezimwa. Nyuma yake yule mwalimu anasukuma yake. Nyuma yao, vijana wawili nisiowajua, wasafirishaji wa samaki wa Msimbati, nao wanasukuma zao na matenga yao. Na mwisho kabisa, pale anapokaa Mzee Chitanda siku zote, mzee alikuwa anatembea mikono mitupu, na pikipiki yake ilikuwa inasukumwa na mume wangu. Shati lake la kazini lilikuwa limelowa mgongoni. Mtu ambaye hakuwahi kuigusa pikipiki yangu hata kuihamisha mvua ikinyesha.

"Kila asubuhi," Somoe alininong'oneza. "Na jioni wakirudi. Malori yanazungushwa barabara ya chini. Bwana Shamba alisimama pale njia panda, yule mzee mwenzake upande wa pili, wanamwomba kila dereva. Walitukanwa, mama. Kuna waliosema hawa wahuni wamefunga barabara. Basi mumeo akawa anakwenda kuzungumza na madereva kule bandarini, maana wote wanamjua."

Mambo yote nilikuja kuelezwa baadaye, na mume wangu mwenyewe. Siku ile alipowafukuza, hawakuwasha pikipiki. Walizisukuma mpaka zilipopotea machoni, na yeye aliwaangalia kutoka langoni, bado ana hasira. Kesho yake Nandonde alimfuata bandarini kwa miguu. Hakujitetea. Alimwambia tu kwamba katika msafara, wa nyuma asipoonekana, wote husimama, na wao bado hawajamwona Mama Neema. Mume wangu alisema alitaka kumpiga, kisha akajikuta analia mbele ya makuli. "Na mimi nilikicheka kile kiraka," aliniambia. Hapo ndipo walipoacha kutafuta wa kulaumiwa, na kwa bahati yangu waliacha mapema.

Mvua zilianza nikiwa bado hospitalini. Radi ya kwanza niliingojea kwa roho mkononi, Somoe akanishika mikono yote miwili. Ilipiga, nikaruka kitandani, nikarudi chini. Tulitazamana. Nilikuwa nimeruka kama mtu yeyote anavyoruka.

Nilitoka nimekuwa mtu mwingine kwa mwili. Nilikuwa nimepungua mpaka pete ilivaliwa kidole gumba. Pingili moja ya mgongo ilikuwa imebonyea kwa ile mikunjo, nikawa mfupi kidogo, na bado ni mfupi. Nilijifunza kutembea nikishikilia ukuta, kisha nikimshikilia mume wangu. Kulala nilijifunza mwisho, kwa sababu kila nilipokaribia usingizi mwili ulikumbuka na kunizindua. Hilo nalo hupungua, ingawa huchukua muda, na usimharakishe mtu wako.

Kabla sijamaliza, niseme la jeraha. Jeraha la msumari, la mwiba, la ubao, hata kama ni dogo na damu haikutoka, usilizibe. Lioshe kwa maji na sabuni, liache wazi, uende zahanati ukachomwe sindano. Mzee Chitanda alizunguka nalo hilo kila kijiji mpaka alipostaafu. Alikuwa anapandisha suruali, anaonyesha kovu lake la ugokoni, anawaambia watu kwamba Bwana Afya alikuwa mjinga. Wapanda pikipiki wote wa mji walivua viraka vyao mwaka ule.

Na kama unakaa karibu na mgonjwa wa namna hii, tafuta nani anapiga kelele, umwombe. Usimgombeze. Watu wengi wanaoonekana wakorofi hawajaombwa tu.

Siku ya kwanza kuletewa Neema ilikuwa nyumbani, Likombe, mahindi yakiwa yamefika magotini. Nilikuwa nimekalishwa kwenye kiti ukumbini. Mume wangu aliingia naye mkononi. Nandonde na Mzee Chitanda walikuwepo, na pikipiki zao ziliachwa mbali, kule mwanzo wa mtaa. Nilikuwa naogopa kuliko siku ya mikorosho. Madaktari walisema nimepona, lakini madaktari hawakuwa ndani ya mwili ule, mimi ndiye niliyekuwemo.

Neema alinitazama. Hakunijua. Aliona mwanamke mwembamba, mwenye pengo mbele, anayemnyooshea mikono. Midomo yake ikaanza kucheza. Wote mle ndani tuliiona, na wote tulishikwa na hofu ile ile. Mzee Chitanda aliinuka nusu. Mume wangu akapeleka kiganja mdomoni mwa mtoto amzuie.

"Mwache," nikasema. "Mwache alie."

Akalia. Alilia kwa nguvu zake zote, kilio cha mtoto aliyekaa kwa jirani msimu mzima, kikajaa nyumba na kutoka nje mpaka barabarani. Mgongo wangu ulisisimka kutoka juu hadi chini. Nilishika mikono ya kiti nikausubiri mwili ufunge. Haukufunga. Hakuna aliyesogea. Nandonde alikuwa ameinamisha kichwa, na mume wangu alikuwa ananitazama mikono, nami nikaiachia ile mikono ya kiti mmoja baada ya mwingine, nikampokea mwanangu akiwa bado analia, nikamweka kifuani, sikio langu karibu na kinywa chake, na nikamsikiliza mpaka alipomaliza.